Nani Anasema, Nani Anaamua? Mapenzi, Siasa na Utofauti wa Watu katika "Vuta n'kuvute"

SOMO LA ROBO HII KWA VIKUNDI VYA VIJANA, WANAWAKE NA KWAYA

Lengo la somo: Baada ya somo hili washiriki waweze (a) kueleza tofauti kati ya mtu kuonyeshwa katika hadithi na mtu kusikika, (b) kupima igizo, filamu au kitabu kwa maswali manne mepesi, na (c) kurekebisha maigizo yao wenyewe ili kila kundi la watu litendewe haki.

Maandiko ya kusoma: Ruthu 1–4, Hesabu 12:1–15, Esta 2:1–18.

Muda: Vikao vitatu vya saa moja na nusu kila kimoja.

Vifaa: Biblia, ubao au karatasi kubwa, kalamu za rangi na, kama vinapatikana, kitabu au filamu inayozungumziwa hapa.

UTANGULIZI



Vikundi vyetu vya vijana hapa Lisekese, na vile vya Newala, vinapenda maigizo. Ukitaka watu wajae kwenye semina ya Ukimwi, ya vikoba au ya haki za watoto, tangaza kwamba kutakuwa na igizo. Na igizo linalopendwa kuliko yote ni la mapenzi: kijana na msichana wanapendana, wazazi wanakataa, kabila au dini inakuwa kikwazo, na mwisho ama wanaoana au mmoja wao anapotea.

Hatuna ugomvi na hadithi za mapenzi. Biblia yenyewe inazo. Lakini katika kupitia maigizo yanayoletwa ofisini kwa ajili ya shughuli za miradi, tunakutana mara kwa mara na jambo moja. Msichana ambaye igizo zima linamzungumzia hasemi kitu. Baba anasema, mjomba anasema, mchumba anasema, mchungaji anasema. Yeye analia tu, kisha anatolewa jukwaani. Na wale wa kabila jingine au dini nyingine wanaletwa ili tuwacheke.

Kwa hiyo robo hii tumechagua kujifunza kutoka kwenye hadithi ya mapenzi ya kwetu Tanzania iliyowekwa katikati ya msukosuko wa kisiasa, nayo ni "Vuta n'kuvute".

1. KITABU NA FILAMU

"Vuta n'kuvute" ni riwaya ya mwandishi wa Zanzibar, Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Ndiye aliyeandika pia "Kasri ya Mwinyi Fuad" (1978), "Kuli" (1979) na "Haini" (2003). Vijana wengi waliosoma kidato cha tano na cha sita wanaijua riwaya hii kwa sababu imekuwa miongoni mwa vitabu vya fasihi ya Kiswahili vya ngazi hiyo.

Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliitoa kama filamu kwa jina hilo hilo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, na mwaka 2022 Tanzania iliiteua kuwania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Waigizaji wakuu ni Ikhlas Gafur Vora (Yasmin), Gudrun Columbus Mwanyika (Denge) na mwanamuziki Siti Amina (Mwajuma). Filamu ina urefu wa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo inatosha kikao kimoja.

Hadithi inatokea Unguja katika miaka ya 1950, wakati Zanzibar iko chini ya Waingereza na Sultani. Yasmin ni msichana wa Kihindi. Katika riwaya anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye miaka 52. Hakuulizwa. Anaikimbia ndoa hiyo, lakini jamaa zake wanamfungia mlango kwa kuwa amewaaibisha. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili anayeishi Ng'ambo, upande wa mji waliokaa watu wa kipato cha chini. Huko anakutana na Denge, kijana Mwafrika aliyesoma Urusi na anayetafutwa na polisi kwa sababu yeye na wenzake wanasambaza maandishi yaliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni. Wanapendana. Mengine hatutayasimulia, kikundi kiyaone chenyewe.

2. KWA NINI HADITHI YA UNGUJA ISOMWE MASASI?

Mshiriki anaweza kuuliza: mambo ya Wahindi na Waswahili wa Unguja yanatuhusu nini sisi Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera?

Jibu la kwanza ni la historia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, na wakaanzisha kijiji hapa Masasi. Watu wale walikuwa wa makabila mbalimbali. Walitekwa sehemu tofauti, wakauzwa, wakakombolewa, kisha wakajenga nyumba, wakaoana na kulea watoto pamoja. Masasi ya Kikristo ilianza kwa watu waliochanganyika. Anayesema leo kwamba ndoa za makabila mawili ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na televisheni hajaijua historia ya mji wake.

Jibu la pili ni kwamba misukosuko nasi imetufikia. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliifikia Masasi na misheni ikachomwa. Kuanzia Septemba 1964, vita vya ukombozi vya Msumbiji vilileta maelfu ya wakimbizi ng'ambo hii ya Mto Ruvuma. Na Januari 2013, wakati wa mgogoro wa gesi ya Mtwara, wengi wetu tunakumbuka majengo na magari yaliyochomwa hapa Masasi na watu waliopoteza maisha. Wakati kama ule kila mtu anaulizwa, "Wewe ni wa wapi? Uko upande gani?" Mume aliyetoka mkoa mwingine anaanza kutazamwa kwa jicho la shaka na shemeji zake. Binti aliyeposwa na askari anaambiwa avunje uchumba.

Zanzibar ilikuwa hivyo hivyo. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Miaka iliyofuata inaitwa na Wazanzibari "Zama za Siasa". Watu walisusiana madukani na hata mazikoni kwa sababu ya vyama, na vyama vilifuata kwa sehemu kubwa rangi na asili za watu. Juni 1961 uchaguzi uliishia kwenye ghasia na watu 68 waliuawa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, ambapo maelfu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na wengine wengi wakakimbia visiwa. Msomaji anayejua yaliyofuata anawatazama Yasmin na Denge kwa uchungu zaidi, kwa sababu anajua ni dhoruba gani iliyokuwa njiani.

3. MASWALI MANNE YA KUPIMA HADITHI

Watu wengi wakitaka kujua kama hadithi imewakilisha watu wa aina mbalimbali, huhesabu sura: yupo Mhindi, yupo Mwarabu, yupo Mwafrika, yupo mwanamke, basi imetosha. Sisi tunapendekeza kikundi kichore jedwali ubaoni. Upande wa kushoto andikeni majina ya wahusika. Juu andikeni maswali haya manne:

(i) Ana jina?
(ii) Anasema kwa mdomo wake mwenyewe yale anayoyataka?
(iii) Anaamua jambo lolote linalobadilisha hadithi?
(iv) Tunacheka pamoja naye au tunamcheka yeye?

Anzeni na filamu ya kigeni ili kuzoea. "Out of Africa" (1985) ilipigwa Kenya na ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Ni hadithi ya mapenzi inayopita katika kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waafrika wamejaa humo: wanabeba mizigo, wanapika, wanachuma kahawa. Lakini wanaopendana na kuamua ni wazungu. Farah, msimamizi wa nyumba aliyeigizwa na Malick Bowens wa Mali, ana jina na ana heshima, lakini maisha yake mwenyewe hatuyajui. Kwa swali la kwanza anapata vema. Kwa swali la tatu karibu hapati kitu.

Sasa wekeni "Vuta n'kuvute". Yasmin ana jina, na uamuzi wake wa kuikimbia ndoa ndio unaoianzisha hadithi. Hajaletwa ili Denge apate mtu wa kumwokoa. Alikuwa amekwisha kujitoa kwa miguu yake kabla hajamjua Denge. Denge ni Mwafrika msomi mwenye fikra zake, haigizi utumishi wa mtu. Mwajuma ndiye tungependa vikundi vimtazame kwa makini. Katika hadithi nyingi rafiki maskini wa mhusika mkuu yupo kuchekesha au kubeba barua. Mwajuma anafungua mlango wake wakati ndugu wa damu wamefunga wao. Anacheka, anaimba, anapenda, anakasirika, na nyumba yake ndiyo mahali watu wa rangi tofauti wanapokutana bila kuulizana kabila.

Hata hivyo kitabu kizuri nacho kiulizwe maswali. Mwandishi ni mwanamume Mswahili anayesimulia moyo wa msichana wa Kihindi. Je, amefaulu? Na jamii ya Kihindi yenyewe: zaidi ya mume mzee na jamaa wakali, ni nani tunayeonyeshwa kutoka kwao aliye na huruma? Je, msichana wa Kihindi wa Lindi au Mtwara akisoma atajiona, au ataona tu sababu ya kuwaonea haya watu wake? Halafu hadithi inawaweka Wazanzibari wa asili zote upande mmoja na mkoloni upande wa pili. Je, hapo imesema yote kuhusu chuki zilizokuwa zinakua kati ya wananchi wenyewe? Hatutoi majibu. Mwezeshaji aache washiriki wabishane, maana ubishi wa heshima ni sehemu ya somo.

4. KUCHANGANYIKA SI LAZIMA KUWE HAKI

Hapa ndipo ulipo uzito wa somo letu, kwa hiyo mwezeshaji asipite haraka.

Septemba 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana wanne wa Zanzibar wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wanaume wenye umri mkubwa, wakiwemo viongozi wa Baraza la Mapinduzi. Jamaa zao waliopinga walikamatwa. Habari hiyo ilisambaa na kulaaniwa katika nchi nyingi. Hoja iliyotolewa kuitetea ilikuwa hii: ndoa kati ya watu wa rangi mbalimbali zitaondoa ubaguzi uliokuwepo zamani.

Tuitazame hoja hiyo bila haraka. Ubaguzi ulikuwa kweli. Kulikuwa na familia nyingi zisizokubali kabisa binti yao aolewe na Mwafrika. Mtu angeweza kusema, "Si ndiyo hayo hayo ya Yasmin na Denge? Mhindi na Mwafrika, Mwajemi na Mwafrika?" Hapana. Yasmin alimpenda Denge. Wasichana wale wanne hawakuulizwa. Ukipiga picha ya harusi, sura zitakuwa za rangi mbili katika picha zote. Tofauti haionekani kwenye picha. Iko kwenye mdomo wa msichana: alisema ndiyo, alisema hapana, au hakupewa nafasi ya kusema?

Mkiitazama tena riwaya mtaona kwamba Yasmin alifanyiwa na watu wa rangi yake jambo lile lile ambalo wasichana wa 1970 walifanyiwa na wenye madaraka. Wazazi walimtoa kwa mzee ili kulinda desturi ya jamii. Wenye madaraka waliwatoa wasichana kwa wazee ili kuvunja desturi ya jamii. Wa kwanza walisema, "Usichanganyike." Wa pili walisema, "Changanyika." Wote wawili walimsemea msichana.

Ndiyo maana tunasema kuonyeshwa si sawa na kusikika, na kuchanganyika si lazima kuwe haki. Jamii inaweza kujisifu kwamba ina makabila kumi na dini tatu katika kamati moja. Kama wajumbe saba kati ya hao wanatikisa kichwa tu, uwakilishi haupo.

5. MFANO WA JIRANI ZETU WA MSUMBIJI

Vikundi visifikiri kwamba mapenzi wakati wa msukosuko huishia kwa maumivu ya kuburuzwa tu. Upande wa magharibi wa Masasi, huko Tunduru, mwezi Mei 1969 ilifungwa ndoa ya Josina Muthemba na Samora Machel, wapiganaji wa FRELIMO. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu kiongozi wao, Eduardo Mondlane, auawe kwa bomu jijini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969.

Josina alizaliwa mwaka 1945 kusini mwa Msumbiji. Alipojaribu kutoroka mara ya kwanza alikamatwa, akarudishwa na kufungwa. Akajaribu tena hadi akafika Tanzania. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Uswisi aliikataa, akajiunga na kikosi cha wanawake. Wakati wa ndoa alikuwa na miaka 23 na tayari alikuwa kiongozi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji. Anayetaka kuandika igizo juu yake hawezi kumweka pembeni akilia. Maisha yake hayakubali.

6. MAANDIKO YANASEMAJE?

Someni kitabu cha Ruthu kwa jedwali lile lile la maswali manne. Ni hadithi ya nyakati za Waamuzi, wakati nchi haikuwa na utulivu. Ruthu ni Mmoabi, na sheria katika Kumbukumbu la Torati 23 ilikuwa kali sana dhidi ya Wamoabi. Kitabu kinamtaja kwa asili yake tena na tena, kama vile watu wa Bethlehemu hawakutaka kusahau. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Lakini yeye ndiye aliyeamua njiani kwamba hatarudi kwao. Yeye ndiye aliyejitolea kwenda kuokota masazo shambani. Hata usiku wa uwanja wa kupuria, alipofuata ushauri wa mkwewe Naomi, ni yeye aliyefungua kinywa na kumwambia Boazi anachotaka. Boazi, mzee mwenye mali, angeweza kumchukua bila kumsikiliza. Alimsikiliza. Kutoka kwao akatoka Daudi, na Mathayo 1 inamtaja Ruthu kwa jina katika ukoo wa Bwana wetu.

Kisha someni Esta 2. Wasichana wanakusanywa kutoka majimbo yote na kupelekwa kwa mfalme. Utofauti wa sura upo tele, wametoka kila upande wa ufalme. Majina yao je? Nani aliwauliza? Washiriki waone wenyewe jinsi sura hiyo inavyofanana na yale ya 1970.

Mwisho someni Hesabu 12. Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Tazameni upande aliosimama Mungu. Tazameni pia kwamba mke mwenyewe katika sura hiyo hana jina na hasemi neno. Swali zuri kwa kikundi: kama angepewa nafasi, angesema nini?

7. MAIGIZO YETU WENYEWE

Sasa turudi nyumbani. Katika maigizo ya mapenzi ya huku kwetu wahusika fulani hujirudia. Mhindi mwenye duka anayevuruga Kiswahili na kupenda pesa tu. Mlinzi Mmakonde anayechekwa kwa lafudhi yake. Bibi kizee aliyechorwa chale kwa mkaa usoni na kuwekewa kifuniko cha chupa mdomoni badala ya ndonya. Mtu mwenye ualbino anayepita jukwaani bila kusema, ili watu washtuke. Shehe au mwinjilisti mnafiki, kutegemea igizo limeandikwa na watu wa dini gani.

Watu husema, "Huo ni utani tu." Utani ni hazina yetu. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangoni wametaniana vizazi na vizazi, hata msibani. Lakini utani una sheria yake: mtani hujibu. Leo unanicheka mimi, kesho nakucheka wewe, na wote tunabaki ndugu. Jukwaani mlinzi wa Kimakonde haandikiwi jibu. Bibi mwenye chale halisi anaweza kuwa amekaa benchi la mbele, chale alizochanjwa ujanani kama urembo na heshima, na akatazama watoto wa kanisa wakizifanyia mzaha. Hapo hakuna utani, ni dhihaka.

Kurekebisha si kuwaondoa wahusika hao. Igizo lenye watu wa aina moja tu si kweli, Lisekese haiko hivyo. Mpeni bibi maneno. Yeye ndiye aliyeona vita vya Msumbiji na wakimbizi wakivuka mto, huenda yeye mwenyewe aliolewa na mmoja wao. Mpeni mwenye duka binti anayempenda na hofu aliyo nayo wakati maduka yanapovunjwa. Mwacheni mtu mwenye ualbino awe mchumba, si kitisho. Igizo litakuwa na mvuto zaidi, maana mtazamaji hatajua mapema nani atafanya nini.

8. KWA NINI TUNALITILIA MKAZO

Kuna kitu kikubwa kuliko sanaa hapa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa msichana. Kifungu cha 17 kikataka ridhaa ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Miaka 15 ndiyo umri wa Yasmin alipoozwa kwa Raza. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali.

Mahakama imesema. Lakini mila hazibadilishwi na hukumu peke yake. Pesa za korosho zinapoingia baada ya minada, posa nazo huanza kuja, na mabinti wengine walioposwa bado wana sare za shule. Ikiwa kila igizo wanaloliona linaonyesha kwamba msichana hana la kusema, watajifunza hivyo. Wakiona msichana anayesema "sitaki" na kusikilizwa, au anayesema "nampenda huyu" na kuulizwa sababu zake kwa upole, watajua kwamba maneno hayo yanasemeka.

Vile vile wapo kati yetu wanandoa wa makabila mawili na wengine wa dini mbili. Utaratibu wa Kanisa kuhusu ndoa za dini mbili unaelezwa na mchungaji wa usharika, na somo hili halikusudii kuubadili. Linakusudia kwamba watu hao wasifanywe mfano wa laana katika maigizo yetu. "Mkataa kwao mtumwa," husema methali, na wengine huitupa kwa binti aliyeolewa mbali. Katika mji ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani bila njia ya kurudi kwao, methali hiyo itumiwe kwa uangalifu.

9. MPANGO WA VIKAO VITATU

Kikao cha kwanza: Tazameni filamu kwa nakala halali, au mwezeshaji asome sehemu za mwanzo za riwaya kwa sauti. Jazeni jedwali la maswali manne. Wasichana wajaze lao na wavulana lao, kisha linganisheni.

Kikao cha pili: Someni Ruthu, Esta 2 na Hesabu 12. Jadilini sehemu ya 4 ya somo hili. Mwezeshaji ahakikishe wasichana wanazungumza kwanza.

Kikao cha tatu: Chukueni igizo moja la kikundi chenu. Lipimeni kwa jedwali. Andikeni upya onyesho moja tu, lile ambalo mhusika alinyamaza, mkimpa maneno. Liigizeni mara mbili, la zamani na jipya.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika familia yenu, nani huulizwa kwanza posa inapoletwa? Nani huulizwa mwisho?
2. Je, mmewahi kumcheka mtu wa kabila jingine katika igizo? Angekuwepo angejibu nini?
3. Mwajuma alimpokea mtu aliyefukuzwa na ndugu zake. Usharika wetu una mlango wa namna hiyo? Uko kwa nani?
4. Wakati wa vurugu za 2013, ndoa za watu wa mikoa tofauti ziliathirikaje mtaani kwenu? Hadithi hiyo inaweza kuigizwaje bila kumuumiza mtu?
5. Kuna tofauti gani kati ya mzazi anayemshauri binti yake na mzazi anayemwamulia?

HITIMISHO

Jina "Vuta n'kuvute" linatukumbusha kamba yenye watu pande mbili. Ukoo unavuta, chama kinavuta, dini inavuta. Anayevutwa mara nyingi ni msichana wa miaka 15 ambaye hakuna aliyemuuliza. Kazi yetu kama Kanisa si kuongeza mkono mwingine kwenye kamba. Tumwachie nafasi asimame, na tumsikilize anasema nini.

Vikundi vitakavyoandika upya maonyesho yao vinaombwa kuyaleta ofisini kabla ya robo ijayo, ili yaweze kutumiwa na sharika nyingine. Mungu awabariki.